Upindo wa Khanga Kwenye Msumari wa Thieta

Siku niliyokabidhi funguo za thieta, mwenzenu aliyezipokea alikivuta kile kipande cha kitambaa kinachoning'inia kwenye msumari juu ya meza ya dawa, akataka kufutia mashine. Nikamwambia akirudishe. Akakirudisha, ila kwa uso wa mtu anayemstahi mzee aliyeanza kuchoka kichwa. Kwa kuwa mlinitaka niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijasahau, nimeona nianzie hapo hapo kwenye msumari. Nani alipandishwa cheo na nani alicheleweshewa likizo, hayo yamo kwenye mafaili, na panya wameshayapitia.

Mimi ni Mmakua wa Nanganga, mtoto wa barabarani. Pale mtoto anajua kupatana kabla hajajua kusoma. Basi linasimama, unainua sinia la karanga hadi dirishani, abiria anataka mafungu mawili kwa bei ya moja, na dereva kashatia gia. Ukihesabu mara moja umeibiwa. Tabia hiyo ya kuhesabu mara mbili niliipeleka chuoni, nikasomea nusu kaputi, kisha nikapangiwa kazi huku juu, upande wa Newala, kwenye hospitali ambayo ninyi mnaifahamu na wengine hawana haja ya kuitajiwa.

Aliyenipokea ni Mzee Chitanda, mtoa nusu kaputi wa zamani, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Hakuniuliza cheti. Alinisogezea trei ya sindano, akasema, "Hesabu."

Nikahesabu. Kumi na mbili.

"Tena."

Kumi na mbili.

"Sasa, ulipokuwa unahesabu, mgonjwa alikuwa anafanyaje?"

Nikamwambia, shikamoo mzee, mezani hapana mgonjwa.

"Marahaba. Najua hayupo. Lakini wewe umejuaje, na hukuinua macho hata mara moja?"

Niliona ni maneno ya wazee wanaopenda kuwachosha wageni. Ilinichukua miaka kadhaa kuyaelewa, na gharama yake akailipa mtu mwingine.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Mashine ya etha yenye mfuko uliotoboka na kuzibwa kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Mabomba ya sindano ya vioo, yanayochemshwa kila siku mpaka namba zake zikafutika, ikabidi nizichore upya kwa rangi ya kucha ya Mama Neema, sista wa wodi ya wanawake. Sindano zilizochomwa mpaka zikawa butu, tukazinoa kwenye jiwe kama visu. Nilizilaani zile butu. Baadaye nikaja kuziomba msamaha.

Sasa nyonga. Mnajua msimu wa korosho ulivyo huku. Wenye nguvu wapo shambani tangu alfajiri, na wazee nao hawakubali kubaki nyumbani kulinda kuku. Bibi wa miaka sabini na zaidi anainama chini ya mkorosho, anaokota, mabibo, yale matunda ya korosho, yameoza, yanateleza kuliko sabuni. Anaanguka ubavu, mara moja tu, wala si kutoka juu. Mguu unakuwa mfupi na wayo umegeukia nje, na hapo huhitaji picha. Wengine walipitia kwanza kwa fundi wa mifupa, wakafungwa vijiti, wakafika kwetu wiki ya tatu.

Kupasua nyonga hatukuweza. Tulichoweza ni kuuvuta mguu: plasta kuanzia goti kushuka, kamba, kigurudumu mwisho wa kitanda, na mfuko wa mchanga uliopimwa. Wiki sita, pengine kumi. Lakini niwaambie kitu ambacho hakikuandikwa ukutani. Mzee wa nyonga hauawi na mfupa. Maumivu yanamfanya akatae kugeuzwa. Asipogeuzwa anapata vidonda vya kulalia, kifua kinajaa, chakula hakipiti, na ndugu wanaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama sanda ipo. Vidonge vilikuwa kama kumfukuza tembo kwa kumpigia makofi. Sindano kali za usingizi zilimwondoa mzee akilini, akawa anazungumza na marehemu, na pumzi zake ilibidi nizihesabu nikiwa nimekaa pembeni.

Kisha akaja daktari mgeni wa upasuaji, akakaa nasi wiki mbili. Huyo ndiye aliyenifundisha kuzuia mshipa wa fahamu. Unapapasa mfupa wa kiuno pale mbele, unapapasa mfupa wa kinena, unauchukua mstari wa kati yao unaugawa mara tatu. Pale theluthi ya nje inapoishia, unashuka kidogo. Upo mbali na mshipa mkubwa wa damu, ila kabla ya kusukuma unavuta bomba kuhakikisha damu hairudi. Sindano ikiwa butu, ni bora. Utaisikia ikipenya utando wa kwanza, tik, kama unatoboa kitambaa kilichokazwa, halafu wa pili, tik. Hapo unasukuma dawa nyingi lakini nyepesi, nusu dawa na nusu maji ya chumvi, taratibu. Paja linakufa ganzi na kichwa kinabaki na mwenyewe.

Sindano inayohesabiwa mara mbili. Nikasema, hii waliitunga kwa ajili yangu.

Dawa yenyewe, ile inayodumu nusu siku, haikuwemo kwenye maboksi tuliyoletewa kutoka bohari. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalikuwa yamefunguka, sabuni imerudi, mitumba imefika, na Masasi mjini mtu mmoja tuliyemwita Baba Zaina alikuwa amefungua duka la dawa katikati ya duka la vitenge na duka la majembe. Nikaenda na barua ya hospitali. Kwenye rafu ya chini nikaziona chupa kumi, zimejaa vumbi.

"Hizo za meno," akasema.

"Za meno zingekuwa zimeisha. Zimekaa huku muda gani?"

"Wewe mnunuzi au askari?"

"Mnunuzi. Askari angekuwa mpole."

Tulivyomalizana ni siri yangu na yake, ila niliondoka nazo kumi na yeye akaniita mchawi. Nikazihesabu dukani, kumi. Nikazihesabu nilipofika Newala juu ya lori la korosho, tisa nzima na moja imebaki shingo. Ndiyo maana nahesabu mara mbili.

Juma lile lile akaletwa Bibi Somoe wa Mnyambe.

Alibebwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, na mbele yao mkwe wake, Baba Rehema, mtu mrefu mkimya. Binti wa bibi alikuwa amejifungua siku chache nyuma, kwa hiyo wa kumuuguza alibaki huyo mkwe peke yake. Waliozaliwa huku wanajua uzito wa jambo hilo. Mkwe na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali chungu kimoja, na akipita huyu yule anapisha njia. Leo mkwe ndiye anayemlisha uji. Alikuwa akimpa kijiko huku ameangalia dirishani, na nusu ya uji ikaishia shingoni. Tulipomgeuza bibi, Baba Rehema alishika goti uso wake umeelekea ukutani, kama mwizi anayepekuliwa.

Na bibi hakutoa sauti. Mzee mwingine wa nyonga aliyekuwa wodi ya wanaume mwaka uliotangulia alitufanya tufunge madirisha. Huyu, kimya.

Nilimwendea na trei yangu. Nilipobisha hodi akanitambua kwa matamshi.

"Mmakua?"

"Shikamoo bibi. Mmakua wa Nanganga."

"Marahaba. Basi mtani wangu. Nyie mnahesabu hata mbegu za papai kabla ya kumpa mgeni kipande."

"Na nyie mnakula papai la mgeni mkamrudishia mbegu."

Akacheka kidogo, akaacha ghafla, mfupa umemkumbusha. Nikamweleza: sindano moja, hapa karibu na kinena, mguu utalala, tutakugeuza na hutasikia.

"Karibu na wapi?"

"Kinena, bibi."

"Toka."

Basi tukaanza kupatana, na nimepatana na wengi, sijapata mwenye mkono mgumu kama yule. Alitaka mkwe wake awe nje ya jengo kabisa, si nje ya mlango. Nikakubali. Alitaka Mama Neema ndiye amfunue, na shuka liwe na tundu dogo la kupita mkono tu. Nikakubali. Nikaomba naye asinikatie maneno nikiwa na sindano. Akakubali. Halafu akauliza, "Utalala mpaka lini?"

"Kutoka asubuhi hii mpaka adhana ya alasiri."

"Alasiri?"

"Alasiri."

"Usinipunje, Mmakua. Wauza chumvi wameshanipunja mwaka huu, wanakuja na vibaba vyao vimebonyezwa matako. Ukisema alasiri, iwe alasiri."

Nikamwahidi.

Tik. Tik. Baada ya muda mfupi nikamminya paja, akaniuliza ninangoja nini. Tulimgeuza, tukamsafisha mgongo, tukamkalisha akaegemea mito, akala uji bakuli zima kwa mkono wake mwenyewe. Baba Rehema aliporudi kutoka nje ya ukuta, bibi alikuwa amelala usingizi. Ilipoadhiniwa alasiri akafumbua macho, akamwambia Mama Neema, "Mwambie Mmakua amepima sawa."

Siku tatu zikaenda hivyo, chupa tatu. Zikabaki sita. Siku ya nne akaletwa mzee mwingine, wa Chilangala, nyonga ya kushoto, sauti ya mpiga mbiu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na lori la kuleta mzigo wa Baba Zaina limekwama njiani. Nikakaa na chupa zangu sita nikafanya hesabu. Wagonjwa wawili, asubuhi tatu. Nikazihesabu tena, bado sita.

Hapo ndipo mtoto wa Nanganga akaamka. Karanga zikipungua, fungu unalipanga vizuri lionekane kubwa. Nikasema, nikigawa chupa moja kwa wawili na kuongeza maji ya chumvi, mabomba yatajaa vile vile, na asubuhi zitakuwa sita badala ya tatu. Dawa robo, maji robo tatu. Ilinipendeza kama hesabu yoyote inayotoka bila baki.

Yule wa Chilangala alinitukana tangu tulipomgusa. Alinitukania mama, alimtukania mama yule aliyeleta ganzi duniani, na kwa sababu ya matusi yake nikampa sindano nyingine ya maumivu begani, kila siku. Bibi Somoe nilimwuliza, mkwe wake ameshika goti na uso ukutani, maana Mama Neema alikuwa na wagonjwa wengine na mimi nilikuwa na haraka, na lile sharti la nje ya jengo nililiona limezeeka.

"Bibi, unaumwa?"

"Sijambo."

Nikaandika kwenye faili: hana maumivu. Siku nne, mara nne, mwandiko mzuri.

Mzee Chitanda alipita siku ya tatu kati ya hizo, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Huyu bibi halali." Nikamwonyesha faili. Akalisoma, akanirudishia. "Hujambo sana wewe," akasema, akaenda zake.

Asubuhi ya nne bibi alikataa uji. Akakataa kugeuzwa, kwa kutikisa kichwa tu. Kifua kilikuwa kimeanza kukoroma, na mgongoni ngozi imekuwa nyekundu kama bibo bivu. Mama Neema alichukua khanga za bibi kwenda kufua. Akarudi kabla sijamaliza kuandika, ameshika khanga moja kwa pembe.

"Baba, hebu hesabu," akasema.

Upindo wa chini, ule mweusi wenye nukta nyekundu, ulikuwa umetafunwa. Matobo ya meno, mstari mzima, mengine yameungana. Bibi hakuwa na meno mengi, kwa hiyo niliona vizuri ni jino gani limefanya kazi gani. Yalipangana kwa mafungu. Manne. Fungu la kwanza dogo, la mwisho limekwenda mpaka kwenye nyuzi.

Nilimwomba Baba Rehema aende nje ya jengo. Akaenda. Nikavuta kigoda nikakaa, nikainua macho. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kazi.

"Bibi. Ganzi ilikuwa inaisha saa ngapi?"

"Ilikuwa inaanza?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, mkwe wangu kanishika goti?" Alipumzika, pumzi yake fupi. "Uliniahidi alasiri. Juzi hata chai ya saa nne haijapita. Jana sikuiona kabisa. Nikasema, huyu naye kabonyeza kibaba."

"Nilichanganya maji. Chupa zilikuwa zinaisha, nikaogopa."

"Ungesema. Tungepatana."

Angekubali siku tatu kamili na siku tatu bila, akijua ipi ni ipi. Au angekataa. Lakini yangekuwa mapatano, na mimi niliyekulia kwenye mapatano ndiye niliyemnyima.

Nikafungua chupa mbili zilizobaki. Moja yake, moja ya mzee wa Chilangala, nusu kwa nusu kama nilivyofundishwa. Tulimgeuza, na safari hii Mama Neema ndiye aliyeshika goti. Tukaanza sindano za kifua. Kisha nikapanda gari la kwanza linaloshuka, Masasi, dukani kwa Baba Zaina. Mzigo wake ulikuwa umefika asubuhi ile, maboksi yana matope mpaka kwenye vifuniko. Akanitajia bei. Nikasema sawa.

Akasimama na chupa mkononi. "Sawa?"

"Sawa."

"Leo unaumwa nini?"

"Sijambo," nikamwambia, na neno lile likanikaa mdomoni mpaka napanda mlima kurudi.

Bibi Somoe aliishi asubuhi nyingine tisa. Kila asubuhi mkwe alikuwa nje ya ukuta, shuka lina tundu lake, na kipimo kimejaa. Baada ya kumchoma nilimwambia dawa ni kiasi gani na itafika wapi, naye aliingoja adhana na kunipa ripoti. Alilala. Alikula nusu bakuli, robo bakuli. Aliwatukana Wamakua wote hadi wale ambao hawajazaliwa. Lakini zile siku nne zilikuwa zimeshaingia kifuani, na kifua cha mtu wa miaka ile hakirudishi kilichochukua. Sitawaambia kwamba bila maji yangu ya chumvi angepona. Sijui. Mzee wa Chilangala alikuwa mkubwa kwake, akaenda nyumbani na fimbo na matusi yake. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko mbili.

Asubuhi ya mwisho alisema kwa sauti ya kuvuta, "Mmakua, kibaba kimejaa." Alikufa kabla ya adhuhuri, dawa ikiwa bado kazini.

Mama Neema ndiye aliyekusanya vitu vyake: kikombe, kijiko, doti ya khanga. Akaikunjua ile yenye matobo, akaitazama, akachukua mkasi wa wodi na kuukata upindo wote, kuanzia pembe hii mpaka ile. Akaniwekea mezani. "Hiki hakiendi Mnyambe," akasema. Iliyobaki akaikunja vizuri juu ya nyingine.

Baba Rehema alipokuja kuvipokea alihesabu. Watu wa huku wanahesabu mali ya marehemu, itaulizwa na wajomba. Akaikunjua khanga.

"Mbona upindo haupo?"

"Tuliufungia mguu," nikasema.

Akakubali. Akaikunja tena kwa mikono ile mikubwa, akakaa nayo mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu afike aliniangalia usoni.

"Baba, mimi nimemshika siku zote zile," akasema. "Nikawa naogopa nitamwumiza, mama wa mke wangu. Lakini hakulalamika hata mara moja. Nitawaambia nyumbani. Hata mara moja."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hakulalamika."

Basi kiacheni pale kwenye msumari. Sasa mna sindano mpya zisizochemshwa, na nasikia kuna mashine ya kuuona mshipa kabla hujauchoma, jambo zuri, mimi niliusikia kwa vidole. Dawa zenu mtazihesabu mara mbili, hilo sina shaka. Ila kabla hujaandika kwenye faili kwamba mzee hana maumivu, angalia nani ameshika goti. Mtoe nje ya jengo, si nje ya mlango. Ukae chini. Umwulize tena.

Baba Rehema bado yupo, nilikutana naye mnadani Newala, ameshakuwa mzee naye, anatembelea fimbo. Alinisimamisha mbele ya wajukuu wake akawaambia, huyu ndiye aliyemwuguza mama wa bibi yenu, yule ambaye hakulia.

Niliitikia. Nilikuwa na haraka ya kwenda, magoti yananisumbua siku hizi, lakini wajukuu walikuwa wanatazama, kwa hiyo nilisimama wima mpaka akamaliza.